Losheni Isibadilike Rangi Wala Harufu: Tumia EDTA Ipasavyo

Habari yako mtazamaji, karibu. Tazama chupa hizi mbili. Mchanganyiko ni uleule na zimetengenezwa siku moja. Ya kushoto bado ni nyeupe. Ya kulia imegeuka manjano, na ukiifungua inanuka mafuta yaliyochacha. Kilichozitofautisha ni unga huu mweupe, disodiamu EDTA. Ya kulia haikuwekewa.

Maji, udongo wa urembo, dondoo za mimea, hata vyombo, vyote vinaweza kuleta chembe za chuma na shaba. Huwezi kuziona, lakini zinachochea oksidisheni, yaani kuharibiwa na oksijeni ya hewa: mafuta yanachacha, vitamini C inageuka kahawia. Na chembe hizo hazipungui kwa kufanya kazi. Zikimaliza hapa zinaanza pale, ndiyo maana kiasi kidogo sana kinaweza kuharibu chupa nzima. EDTA huibana ioni ya metali, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, kutoka pande zote, kama gando la kaa, na uwezo wake wa kuchochea uharibifu hupungua sana. Vitamini E haifanyi kazi hiyo. Yenyewe hupambana na uharibifu ambao tayari umeanza. Mimi hutumia zote mbili.

Hatua ya kwanza, pima. Kiwango cha kawaida ni asilimia 0.05 hadi 0.2 ya uzito wote. Leo tunatengeneza gramu 200 kwa asilimia 0.1, kwa hiyo tunahitaji gramu 0.2 tu. Mizani inayosoma gramu moja moja haikufai hapa. Fanya hivi: yeyusha gramu 5 za EDTA kwenye gramu 95 za maji yaliyoondolewa madini, koroga, kisha chukua gramu 4 za maji hayo. Humo mna gramu 0.2 unazotaka. Usisahau kupunguza gramu 3.8 kwenye maji ya losheni yako. Yanayobaki usiyaweke akiba, hayana kihifadhi, yaani kiungo cha kuzuia bakteria na ukungu.

Hatua ya pili, mimina kwenye maji kabla ya kitu kingine chochote. EDTA haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo ukiichelewesha hadi mwisho unaweza kuikuta chini ya chombo. Ikitangulia, glisarini na dondoo zinaikuta tayari inasubiri.

Hatua ya tatu, pasha maji na mafuta, changanya kama ulivyozoea, na ikipoa chini ya nyuzi 40 weka kihifadhi. Hapa tuelewane vizuri: EDTA si kihifadhi. Usiniambie umeweka EDTA basi inatosha. Inachofanya ni kukisaidia kihifadhi chako. Bakteria kama Pseudomonas wana utando wa nje ulioshikiliwa na kalisi na magnesi. EDTA ikizinyakua hizo, utando unalegea na kihifadhi kinapenya. Kwa losheni yenye maji mengi, msaada huo ni mkubwa.

Hatua ya nne, pima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali. Disodiamu EDTA ina asidi kidogo, ila tetrasodiamu EDTA ina alkali, kwa hiyo soma lebo vizuri. Ukiweka tetrasodiamu badala ya disodiamu bila kurekebisha, pH itapanda. Mimi nalenga kati ya 5 na 5.5.

Kama losheni yako ina oksidi ya zinki, kuwa mwangalifu. Zinki nayo ni metali, na EDTA itaikamata badala ya kuhangaika na chuma ulichokuwa unakiogopa.

Wengine mtauliza kuhusu mazingira, na ni swali la haki, kwa sababu EDTA huchukua muda mrefu kuoza. Mbadala upo: GLDA, au sodiamu fitati inayoweza kutolewa kwenye pumba za mchele. Hizi mara nyingi huuzwa zikiwa tayari zimeyeyushwa kwenye maji, kwa hiyo asilimia ya kwenye chupa haiwi sawa na ya unga. Soma kwanza karatasi ya maelezo ya muuzaji, ndipo ushike mizani.