Kobe kafura shavu, usimminye!

Assalaam aleikum, hamjambo nyote, na shikamooni wazee mliokaa mbele. Wa nyuma mwanisikia? Maikrofoni yenyewe yakoroma, ikizima ntapiga kelele tu, nshazoea.

Haya, nani hapa nyumbani kwake kuna kobe? Inueni mikono bas, sipeleki majina popote. (Watu wanacheka.) Ehee, kumbe wengi. Sasa tukishacheka niliseme hili nilimalize, manake nikiliacha mwisho nitasahau: kobe kwa sheria yetu ni mnyamapori, sheria ile ya 2013, na kumfuga bila kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa, iwe ulimuokota barabarani Kilifi au marehemu babu alikuachia. Kibali kinaombwa, kaombeni. Na yule kobe mdogo bapa kama chapati, wa kwenye majabali, huyo msimguse kabisa, wamebaki wachache duniani na Kenya na Tanzania ndo hasa kwao. Nimemaliza hapo.

Sasa tuje kwa kilichotuleta. Simu ninazopigiwa karibu zote zaanza hivi, "kobe wangu kafura ghafla, jana alikuwa mzima." Na mimi swali langu la kwanza ni lile lile, jana ulimtazama? Manake jamani kobe hana ghafla. Mwili wake wapata joto kutoka nje, kila kitu ndani yake chaenda taratibu, chakula chakaa tumboni siku na siku, na ugonjwa pia wapika polepole, kwa hivo ule uvimbe umeuona leo saa mbili asubuhi, sawa, lakini yeye huenda anao wiki tatu, ni wewe ndo umeuona ghafla. Ghafla ya kweli ipo lakini ni vitu vichache: kaumwa na nyuki au siafu, mbwa kamtafuna, kaanguka ngazi za barazani, au uzi wa gunia umemzonga mguu ukakaza, na huo uzi nimeushuhudia zaidi ya mara moja, mguu umefura kama tangawizi na mwenyewe kapaka manjano juu na uzi uko pale pale ndani ya mkunjo. Tazama uzi kwanza kabla hujapaka kitu.

Niwaambie yangu sasa, nijiaibishe kidogo. Mimi nna kobe anaitwa Boda, watoto ndo waliompa jina hilo, manake hana haraka na lolote. Mwaka mmoja masika yalivoshika, Boda akatoka uvimbe nyuma ya jicho la kushoto, pale pembeni ya taya, ukimtazama wasema kaweka buyu shavuni ananyonya. Mimi nikaona ah, jipu hili, na jipu si lapashwa moto likiiva latumbuliwa? Nikampasha kwa kitambaa cha maji moto na chumvi, siku tatu, ya nne nikaminya. Hakutoka kitu. Boda kaingiza kichwa ndani hakukitoa mpaka kesho yake. Na mimi kwa akili zangu nikamngoja akitoe niminye tena. Msinitazame hivo.

Nikaja kumpeleka kwa daktari mmoja wa wanyama akanigombeza mpaka nikakaa chini. Kumbe pale ndo sikio la kobe. Hana tundu kama letu, ana ngozi tu ya duara, bapa, na nyuma yake kuna kichumba, na hicho kichumba kikiingia wadudu wa ugonjwa kutoka mdomoni chajaa usaha. Na usaha wa kobe si kama wetu! Wetu ni uji, manake chembe zetu za damu zina kitu cha kuuyeyusha, za kobe hazina, kwa hivo usaha wake waganda, wawa mgumu, waweza kuminya mpaka Idd hautoki, utakachofanya ni kuusukuma ndani zaidi na kumpasua nyama. Daktari akamlaza usingizi, akachana kidogo, akaingiza kijiko chembamba na kukitoa kile kitu kizima kizima, cha manjano, ukubwa wa njugu mawe, kama kiini cha yai lililochemshwa sana. Akakiweka kwenye kisahani cha chuma kikalia ti. Ile sauti mimi nnayo mpaka leo.

Alafu akasafisha kile kishimo, akampa sindano za antibayotiki, na sindano akapiga mkono wa mbele. Nikamuuliza mbona si paja, akasema damu ya miguu ya nyuma ya kobe yaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka mwilini, dawa yaweza kutolewa kabla haijafanya kazi au ikaumiza figo zenyewe. Mimi sikuwa najua, na ndo maana nawaambia, mtu akitaka kumpiga kobe wako sindano ya nyuma muulize kwa adabu, daktari, mbona si mbele?

Lakini kilichoniuma zaidi ni maswali aliyoniuliza wakati Boda amelala. Anakula nini? Nikasema mkate wa kuchovya chai, nyanya, wali ukibaki. Maji yake wabadilisha lini? Nikanyamaza. Akasema basi ukimtoa usaha bila kubadilisha sahani utarudi hapa baada ya miezi, shavu la kulia. Vitamini A ikipungua, ngozi laini ya ndani ya sikio, macho na pua yaharibika, yawa ngumu, wadudu wapata mlango. Kobe wetu hawa wa madoadoa ni mla nyasi jamani, nyasi ndo ugali wake, alafu majani ya kunde, majani ya boga, maua na majani ya ule mti wa uani wa maua mekundu tunaouita haibiskasi, dungusi ukitoa miiba, karoti kidogo ya kukwaruza. Sukuma wiki na mchicha mara moja moja. Matunda kidogo sana, yakizidi yachachuka tumboni akajaa gesi. Na mfupa wa dome, yule nduguye ngisi, ule mweupe unaookota ufuoni, uoshe chumvi itoke, uanike, mwekee autafune, ni chokaa ya bure kabisa, gamba na mifupa yake yaitaka.

Sasa uvimbe mwengine nipite nao mbio mbio. Macho yakifura yote mawili hayafunguki, mara nyingi ni hiyo hiyo vitamini au vumbi au wadudu wa ugonjwa, osha kwa maji ya chumvi safi, yale ya dukani ya kuoshea vidonda, umpeleke. Usiende kununua vitamini A ya sindano ukampiga mwenyewe, ikizidi ngozi yambanduka kama aliyemwagiwa maji moto.

Viungo vikifura, magoti, vifundo, na kila akitembea aona tabu, fikiria chakula cha paka. Ndio, cha paka! Kobe na paka wakila pamoja uani, kobe anakula nyama, hanywi maji ya kutosha, figo zashindwa, ile taka nyeupe inayotoka na mkojo yaganda kwenye viungo. Ile taka ikiwa laini kama dawa ya meno ni sawa, usishtuke, lakini ukiigusa ikawa na chembe kama mchanga, huyo ana kiu ya siku nyingi.

Na huu ndo unaoniogopesha kuliko wote. Ukimuona kafura miguu yote minne pamoja na shingo, laini, umebonyeza kidole pole na shimo limebaki, hayo ni maji, na maji hayo yatoka kwa figo au ini au moyo, huo si uvimbe wa kupaka kitu, huo ni wa siku hiyo hiyo. Manake kumbukeni kobe yumo ndani ya boksi. Sisi tukifura tumbo latoka nje, yeye gamba halitanuki, mapafu yako juu kabisa chini ya mgongo na hana ule msuli wetu wa chini ya mbavu wa kuvutia pumzi, kwa hivo kila kinachofura ndani chayabana mapafu. Akinyoosha shingo mbele mdomo wazi, apumua kwa sauti, mapovu puani, hapo usinipigie mimi simu, tafuta tuktuk.

Wajuaje kama kafura kweli? Linganisha kulia na kushoto. Kobe akijikunja minofu yatokeza kwenye kwapa, mgeni aona uvimbe, kumbe ni mnene tu. Na mnunulie mizani, hii ya jikoni ya kupimia unga, mpime kila Ijumaa uandike kwenye kalenda ya ukutani. Boda safari nyengine aliacha kula siku kumi na uzito ukapanda kutoka gramu 1,240 mpaka 1,410. Hali chakula na anaongezeka, vipi? Ndo mizani ilinishtua, kwa macho hata sikuona kitu.

(Mama mmoja anauliza ilikuwa nini.) Mayai, mama! Miaka sita twasema "yeye" huyu ni dume, kumbe bibi. Eksirei ikaonyesha mayai kama mipira ya meza, na hakuwa na mchanga wa kuchimba, mimi nimetia saruji ua mzima. Kwa hivo jike akianza kuzungukazunguka, anakwaruza kwa miguu ya nyuma, nyuma kumejaa, mpe kona ya mchanga wenye unyevu, mrefu kwenda chini. Akijikamua na hakitoki kitu na amelegea, eksirei.

Na dume akitoa kile kitu chake cheusi kikubwa nje msipige mayowe, wengi wanipigia wakidhani matumbo yametoka. Kwa kawaida chatoka na charudi chenyewe. Kisiporudi, kikafura, usikivute, mtenge na wenzake manake watamuuma, kifunge na kitambaa safi chenye maji, waweza kukipaka sukari iliyolowana maji kidogo, sukari yavuta maji uvimbe ukapungua, na njiani hapo hapo kwa daktari.

Sasa sindano moja niipigie kelele. Kuna dawa ya minyoo na kupe ya ng'ombe na mbuzi yaitwa ivamektini, dawa nzuri, ng'ombe yamfaa. Kobe yamuua. Shangazi yangu kobe wake alikuwa na kupe shingoni na uvimbe mdogo pale kupe alipokuwa, akampeleka mahali, sitapataja, mtu mwenye nia nzuri tu aliyezoea mifugo mikubwa, akamdunga hiyo. Ile jioni miguu ikalegea kama kamba mbichi, kichwa chaning'inia, siku ya tatu akafa, na shangazi alikuwa naye tangu hajaolewa. Kwa hivo kabla hajachomwa kitu chochote taja jina la dawa, na ukisikia ivamektini chukua kobe wako uende. Utaonekana mjuaji, onekana mjuaji.

(Kijana wa nyuma anauliza: sasa ni Jumamosi usiku, daktari hapatikani, nifanyeje?)

Swali zuri kijana. Mtoe uani, muweke peke yake kwenye boksi kubwa, chini magazeti, si vumbi wala pumba. Mtie joto, nyuzi 28 mpaka 32 hivi, manake kinga yake yafanya kazi akiwa na joto, msimu wa kusi usiku sakafu ya tailizi ni baridi kwake, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo upande mmoja, upande mwengine uache, ajichagulie. Jua la saa saba usimuweke akiwa hawezi kujisogeza, ataiva. Akiwa na nguvu za kuinua kichwa mkalishe kwenye beseni la maji vuguvugu yasiyofika kidevu, dakika 15 au 20, na usiondoke kwenda kupokea simu, aliyelegea azama kwenye maji ya kiganja. Mpige picha ya uvimbe kwa mbele na kwa pembeni, weka sarafu ya shilingi kumi karibu ionekane ukubwa, andika uzito, alichokula, lini alikunya mwisho. Asubuhi daktari akipata hayo nusu ya kazi ishakwisha. Usiminye, usichane, usipake mafuta ya taa wala majivu wala ile dawa ya mafua ya kunukia, na vidonge vya maumivu vya watu msimpe. Safari iwe kwa boksi na taulo chini, si kuning'inizwa kwenye mfuko kwenye usukani wa bodaboda, nimeona hiyo pia.

Na nyote mkishamshika mnawe kwa sabuni, watoto zaidi, kobe hubeba salmonela, wale wadudu wa kuharisha, hata akiwa mzima, Marekani tangu 1975 hawaruhusu kuuza wale wadogo wa chini ya inchi 4 manake watoto walikuwa wawatia mdomoni.

Haya, mwengine mwenye swali anifuate kule mlangoni, kahawa ishamiminwa na zile kaimati zapoa. Wewe mwenye kikapu, nishakuona tangu mwanzo, mlete huyo kobe hapa kwenye mwanga tumtazame hilo shavu. Na usimguse mpaka nifike.