Godoro la mtoto: bonyeza kwanza

SOMOE: Mtwara kuchele! Karibuni tena barazani, mimi Somoe. Tuko hapa Shangani, feni inazunguka lakini upepo wenyewe wa moto. Na leo mwenzangu Mfaume kaja na uso wa mtu aliyelizwa.

MFAUME: Sijalizwa, dada. Nimepata punguzo.

SOMOE: Haya, waambie wenyewe.

MFAUME: Mke wangu ana mimba ya miezi minane, mnajua. Juzi nikapita sokoni nikakutana na godoro la mtoto. Lina maua, lina mto wake, lina na vile vitambaa vinene vya kuzungushia kitanda. Na laini! Ukiweka mkono unazama. Nikasema mwanangu atalala kama sultani.

SOMOE: Ulipoutoa mkono?

MFAUME: Alama ikabaki. Vidole vyote vitano, kama nimebonyeza unga wa maandazi.

SOMOE: Hapo hapo ungemrudishia mwenyewe. Kama mkono umeacha shimo, uso wa kichanga je? Mtoto wa mwezi mmoja, pua ikishazama kwenye sponji, shingo haina nguvu ya kujinasua. Anaanza kuvuta hewa ile ile aliyoitoa. Na halii, Mfaume. Wewe uko pembeni unasema leo kalala vizuri.

MFAUME: Dah.

SOMOE: Ndiyo maana nasema bonyeza kwanza. Godoro la mtoto likibonyezwa linarudi pale pale. Wewe ukililalia utasema ubao huu. Ni lako?

MFAUME: Sasa yule bibi wa Newala, mama mkwe, yeye anataka godoro la sufi. Sufi ya shambani kwake, kachambua mwenyewe.

SOMOE: Mshukuru sana, shikamoo nyingi, halafu hilo godoro lalia wewe. Sufi ikilaliwa inajikusanya, huku kilima, huku bonde. Mtoto anataka pawe sawasawa.

MFAUME: Na anasema mtoto alazwe kifudifudi, chali atapaliwa na maziwa.

SOMOE: Hata mimi wa kwanza nililaza hivyo, nilikuwa sijui. Lakini akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, maziwa yakirudi yanashuka zake. Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani 1994, na huko Marekani vifo vile vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Mweleze bibi taratibu, usimkatie kauli.

MFAUME: Nimkatie kauli mama mkwe? Mimi? Ila mto je, wa kutengeneza kichwa kisije kikawa bapa?

SOMOE: Hapana mto. Hapana mdoli, hapana blanketi la manyoya, na vile vitambaa vya pembeni toa. Kichwa utakinyoosha mchana, akiwa macho, mlaze tumbo unamwangalia.

MFAUME: Kitanda nimechongesha. Fundi kapima kwa macho.

SOMOE: Mmh! Basi kabla hujanunua godoro jingine, chukua futi kamba ukipime. Godoro likikaa, pembeni visipite vidole viwili. Na zile fito za ubavuni, chukua kopo la soda. Likipenya, mrudishie fundi. Kusiwe na zaidi ya sentimita 6.

MFAUME: Na nailoni ya dukani? Nilitaka kuiacha, mkojo usiingie.

SOMOE: Ivue! Kwa joto hili la Desemba mtoto ataiva, na nailoni ikichomoka inaweza kumfunika pua. Si mmeshanunua mpira wa kujifungulia? Kipande chake kioshe, kitandike chini, juu shuka iliyobana, uichomeke kote. Kanga inafaa, ila iwe imekazwa. Na umvishe nguo nyepesi. Watu wa kwetu tunapenda kofia na soksi mpaka ndani, mtoto analoa jasho tunasema ana baridi.

MFAUME: Asiye na kitanda?

SOMOE: Mkeka, godoro jembamba gumu juu yake, chumbani kwa mama, neti imechomekwa isimguse usoni. Inatosha kabisa. Kuliko kulala naye kwenye kochi, hilo ndilo baya kuliko yote, unasinzia unanyonyesha, anateleza kwenye kona. Na wewe unayevuta sigara, usimlaze ubavuni mwako.

MFAUME: Nimeacha.

SOMOE: Lini?

MFAUME: Tangu uanze kuongea. Dada, vile vitanda vya neti, vinavyokunjwa kama mwavuli?

SOMOE: Neti yake nzuri. Kigodoro chake kibonyeze, na mto uliokuja nacho utoe.

MFAUME: Haya. Nikitoka hapa nalirudisha. Yule muuzaji alisema cha punguzo hakirudishwi, lakini nitamwonyesha vidole vyangu, vitakuwa bado vipo pale.

SOMOE: Akikataa, likate vipande, uwafanyie wazee mito ya kukalia barazani. Na ule mto wa maua?

MFAUME: Ule mbona umeshaukalia, dada, toka tumeanza.