Kujibu si Kuwajibika

Ahsante, mwenyekiti. Umenitambulisha kwa maneno mengi mazuri, na mengine ndiyo kwanza nayasikia leo. Waliokwisha kunisikia mahali pengine wanajua nitakakoelekea, hao ruksa kusinzia. Nitawaamsha nikifika kwa Petrov.

Tuanze na jina la hii mashine tunayoijadili, ile "artificial intelligence" ya Waingereza. Wapo wa akili bandia, wapo wa akili mnemba, wapo wa akili unde, na nimekaa kwenye vikao ambavyo watu wazima nusura washikane mashati kwa ajili ya neno hilo la pili. La kwanza hakuna aliyeligusa. Akili! Hilo lilipita bila mjadala? Katika Kiswahili mtu anaweza kuwa na shahada tatu na jirani yake akasema "msomi yule, lakini akili hana", na kila aliyesikia akaelewa. Hasemi kwamba msomi hajui hesabu. Anasema hajui aseme nini mbele ya nani, wala hajali anachokiacha nyuma yake. Tuna werevu, tuna ujanja, tuna busara, maarifa, hekima, na kila neno lina kazi yake. Kitu kinachopiga hesabu haraka tungekiita hodari wa hesabu, tukaendelea na shughuli zetu. Lakini mwaka 1955 mwanahisabati John McCarthy na wenzake watatu walikuwa wanaomba fedha za kikao cha kiangazi kilichofuata, pale Chuo cha Dartmouth, Marekani, na ndani ya ombi lao wakaandika neno ambalo sisi tumelipokea kama akili. Mwomba fedha hachagui neno dogo. Siwalaumu. Tunaopaswa kulaumiwa ni sisi tuliolipokea bila kulipima.

Msinielewe vibaya, mimi si katika wale wanaoidharau mashine. Wale wana tabia moja: kila mara huweka mpaka na kutangaza kwamba hapa haipiti. Walisema sataranji ni ya binadamu, kwa kuwa inataka kuona mbali. Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya IBM, ikamshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Wakahamia kwenye Go, mchezo wa vijiwe wa Asia Mashariki, eti huo unataka hisia. Mwaka 2016 programu ya AlphaGo ikamfunga bingwa Lee Sedol wa Korea Kusini michezo minne kwa mmoja. Wakasema basi, lugha. Sasa inaandika barua, mashairi na hotuba, na baadhi ya hotuba hizo, nina wasiwasi, zimesomwa kwenye ukumbi huu huu. Mchezo wa kusogeza mipaka nimeuacha. Nionyesheni kazi yoyote ambayo jibu lake linaweza kupimwa, nami nitakubali kwamba siku moja mashine itaniacha nyuma. Punda ananishinda kubeba mzigo, na sijawahi kukosa usingizi kwa hilo.

Ninachouliza mimi ni kingine. Likisemwa jambo, likatendwa, likaharibika, nani ataitwa? Kujibu na kuwajibika yanafanana masikioni, watu wengi hudhani ni ndugu, lakini yametoka katika mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Jibu ni jawabu. Wajibu ni kile kinachokulazimu. Mashine inajibu. Hakuna kinachoilazimu.

Niwaonyeshe kwa karibu. Juzi nilikaa na programu moja ya mazungumzo, sitaitaja, zote ni ukoo mmoja. Nikaiuliza: nimemwona yule mnyama mwenye pembe puani akitimua mbio, niseme "kifaru amekimbia" au "kifaru kimekimbia"? Ikajibu vizuri sana. Huyo ni kiumbe hai, kwa hiyo amekimbia, ijapokuwa jina linaanza na ki-. Kimekimbia ukiache kwa kifaru cha vita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akinijibu hivyo anapata alama zote. Nikaiandikia: "Umekosea. Ni kimekimbia." Ikaomba samahani. Ikasema niko sahihi kabisa, ikanishukuru kwa kuisahihisha, kisha ikatunga sababu, tena kwa ufasaha wa kutamanisha, kwa nini mnyama huyo aingizwe katika ngeli ya KI-VI. Nikaandika: "Hapana, ulikuwa sahihi mwanzo." Samahani tena. Niko sahihi kabisa tena. Nilifanya hivyo mara nne, kama mtoto anayewasha na kuzima taa, na mara zote nne niliombwa radhi kwa adabu ambayo wanangu hawajawahi kunionyesha.

Mtu akiomba radhi namna hiyo tunamwita mwoga, au mnafiki. Lakini mwoga ana anachokiogopa, na mnafiki ana anachokificha. Hapa hapana lolote. Kifaa hiki kimefundishwa kwa maandishi mengi mno kukisia kipande cha neno kinachofuata, halafu kikanyooshwa kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapendelea, na watu hupendelea kukubaliwa. Ikitamka samahani, imetamka neno linalokaa vizuri baada ya lawama.

Najua kuna kijana hapa anayetaka kuniambia kwamba toleo jipya halidanganyiki hivyo, linashikilia jibu lake. Nakubali, mengine yamenyooshwa upande huo. Lakini kijana, ubishi uliofungwa kiwandani nao si msimamo. Mwenye msimamo ni yule ambaye angeweza kupoteza kitu kwa kuushika: kazi, rafiki, usingizi. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa jana akasema kimekimbia, leo akitaka kujisahihisha, macho arobaini yanamtazama. Moyo unamdunda. Ile samahani yake ina bei.

Sasa amkeni. Petrov.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1983, Stanislav Petrov, luteni kanali wa Jeshi la Sovieti mwenye umri wa miaka 44, alikuwa zamu katika handaki la kijeshi kusini mwa Moscow. Kazi yake ilikuwa kutazama taarifa za setilaiti zilizowekwa kuchunguza makombora ya Marekani. Na kumbukeni ulikuwa mwezi gani. Tarehe 1 ya mwezi ule ule ndege ya kivita ya Sovieti ilikuwa imeiangusha ndege ya abiria ya Korea Kusini, wakafa watu 269. Kila upande ulikuwa na kidole kwenye kitufe. Baada ya saa sita usiku king'ora kikalia. Kompyuta ikasema kombora moja limerushwa kutoka Marekani. Na kiwango cha uhakika? Cha juu kabisa. Kisha la pili. La tatu, la nne, la tano.

Amri ilikuwa wazi: toa taarifa juu. Huko juu kulikuwa na wazee wenye dakika chache tu za kuamua kama watajibu kwa makombora yao. Petrov alieleza baadaye kwamba alijihisi kama amekaa juu ya kikaango cha moto. Akainua simu, akasema ni hitilafu ya mitambo. Halafu ikabidi asubiri. Kama amekosea, ndani ya dakika chache miji ingewaka. Dakika zikapita. Hakuna kitu. Baadaye ikajulikana kwamba setilaiti iliona mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ya juu, ikaudhani moto wa makombora.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa ovyo, na hapo ndipo ninapokosa subira. Wanasema mnaona, mtu ana akili kuliko mashine! Siyo. Petrov hakuwa na macho angani. Alikuwa na habari chache kuliko ile kompyuta, na mwenyewe aliwahi kusema kwamba nafasi ya kuwa sahihi aliiona ni nusu kwa nusu. Alichofanya ni kujiuliza swali ambalo mashine haikupewa: nani anaanza vita ya dunia kwa makombora matano? Mtu akiamua kuchoma nyumba ya jirani mwenye panga, hawashi njiti moja akakaa kungoja. Rada za ardhini nazo zilikuwa kimya. Petrov alimfikiria adui kama mtu, mwenye woga wake na hesabu zake. Mashine iliulizwa kama kuna mwanga wa moto, ikajibu upo, na mwanga kweli ulikuwepo! Haikusema uongo. Uhakika wake ulikuwa tarakimu kwenye kioo, na wa Petrov ulikuwa jasho.

Mtaniambia alibahatisha. Ndiyo, alibahatisha, na ofisa mwingine katika kiti kile huenda angepiga simu tofauti tusiwe hapa leo. Sisemi mtu hakosei. Mkitaka orodha ya makosa ya watu, nianzie na yangu, tutakesha. Mtasema pia vifaa vya leo visingedanganywa na mawingu. Sawa, visidanganywe na mawingu, vitadanganywa na kitu ambacho aliyevitengeneza hakukifikiria, kwa maana hiyo ndiyo tabia ya jambo jipya. Siku hiyo nataka kwenye kiti kile awepo mtu ambaye kukosea kutamuua yeye na wanawe.

Na kuna kipande cha mwisho cha kisa ambacho wasimulizi hukiruka, mimi ndicho ninachokipenda. Petrov hakupewa nishani wakati ule kwa alichokifanya. Wakubwa zake walimkaripia kwa sababu hakujaza daftari la matukio usiku ule. Alijitetea kwamba mkono mmoja ulishika simu, mwingine kipaza sauti, na wa tatu hakuwa nao. Mnacheka, nami nilicheka. Lakini tazameni kilichotokea: mtu aliyeepusha vita aliitwa ajieleze kuhusu daftari. Setilaiti iliyotangaza vita haikuitwa na yeyote. Ilirekebishwa.

Nimetumia muda mwingi, mwenyekiti ameanza kutazama saa yake kwa namna ambayo nayo inataka nijieleze.

Kuna pingamizi moja siwezi kuliacha: binadamu nao hukwepa kuwajibika kila siku. Kweli kabisa. Lakini unakwepa kinachokufuata. Anayekimbia deni anajua analo. Mwaka 2022 abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake aliuliza programu ya kujibu wateja kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli ya wafiwa. Ikamwambia anaweza kulipa kamili kisha kuomba punguzo baadaye. Haikuwa kweli, shirika likakataa kumlipa, na kesi ilipofika kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, shirika likajitetea kama vile programu ile ni chombo chenye kujitegemea kisheria, chenye kuwajibika kwa matendo yake chenyewe! Februari 2024 baraza likakataa, shirika likaamriwa kulipa dola zaidi ya 800 za Kanada. Mnaona kilichokuwa kinanyemelea. Mimi sina hofu ya mashine itakayotaka kuwa mtu. Ninaowaogopa ni watu watakaopenda mashine iwe mtu siku ya lawama, na siku ya faida irudi kuwa mashine.

Nilikuwa na sehemu kuhusu mtoto mdogo: ubongo wetu unaendeshwa kwa nguvu ya kama wati 20, chini ya balbu nyingi za zamani, na mtoto anajua lugha kwa maneno machache mno ukilinganisha na milima ya maandishi zinayolishwa mashine hizi. Iacheni. Nilikuwa na sehemu ndefu zaidi kuhusu fahamu, kama mashine inahisi au haihisi. Hiyo nairuka bila majuto, maana kila nikiianza nagombana na wanafalsafa na hatumalizi.

La mwisho, la wale mawakili wa New York. Mwaka 2023 walipeleka mahakamani hoja zilizonukuu hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa. ChatGPT, programu ya mazungumzo, ilizitunga: majina ya kesi, maneno ya majaji, kila kitu. Mmoja wao alipoingiwa na shaka aliiuliza programu yenyewe kama moja ya kesi zile ni ya kweli. Ikajibu ndiyo. Jaji aliwatoza dola 5,000, na akawaamuru wamwandikie barua kila jaji ambaye jina lake lilibandikwa kwenye hukumu ya kubuni. Hebu fikiria ukikaa mezani kuiandika barua ile. Mheshimiwa Jaji, jina lako nililitumia hivi na hivi. Unafuta mstari, unaandika tena, unainuka, unarudi. Programu iliyotunga zile hukumu haikuandika barua yoyote. Siku ile ile ilikuwa inawajibu watu wengine, kwa adabu.

Haya, maswali. Yule bwana wa safu ya nyuma aliyelala tangu Petrov nampa nafasi ya kwanza.