Kungoja Maji Yajae: Picha za Ndege na Utulivu wa Moyo

SALIM: Assalaam alaykum. Hamjambo wasikilizaji wetu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, na nyinyi mlioko Maskati mnaotusikiliza mkirudi kazini. Mimi ni Salim, niko na dada yangu Mwanaidi kama kawaida. Ila leo kaingia studio na viatu vya mpira vimejaa tope. Dada, watokapi?

MWANAIDI: Waalaykum salaam. Natoka mikokoni, sijapita hata nyumbani. Nilikuwa kule tangu alfajiri na simu yangu. Nimepiga picha kama arubaini, nimebaki na mbili.

SALIM: Lete tuone. Huyu ni yangeyange.

MWANAIDI: Ndiye, kasimama juu ya mzizi wa mkoko. Usiutazame mwili, tazama jicho. Katikati ya kupiga picha alikuwa akinitazama mimi. Kwa picha hiyo moja nilikaa chini karibu saa nzima.

SALIM: Saa nzima kwa ndege ambaye tunamwona kila siku jaani?

MWANAIDI: Huyo huyo. Na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, maana watu wakisikia picha za wanyamapori wanawaza Masai Mara, magari ya watalii na kamera yenye lenzi ndefu kama mkono. Mimi nilitibika, na nalitumia neno hilo kwa uangalifu, kwa yangeyange na kaa.

SALIM: Tueleze basi tangu mwanzo.

MWANAIDI: Miaka mitatu nyuma nilikuwa silali. Naingia kitandani saa nne, saa nane ya usiku niko macho, moyo unanienda mbio kama mtu aliyekimbizwa. Nilikuwa nafanya kazi ya hesabu, mwezi haujaisha wa pili ushakukalia. Asubuhi moja nikashindwa kushuka matatu. Kituo changu kimefika, kondakta ananiita, miguu haitaki. Hospitali wakapima moyo, mzima. Daktari akanieleza kwamba ni wasiwasi uliopita kiasi, akanielekeza kwa mshauri nasaha, nami nikaenda miezi kadhaa. Nalitaja hili mapema makusudi. Msikilizaji asije akaacha dawa zake akasema Mwanaidi kaniambia nipige picha ndege.

SALIM: Hapo umesema la maana. Sasa picha ziliingia vipi?

MWANAIDI: Mjomba wangu. Mvuvi wa zamani, hana habari na picha kabisa. Siku moja alikuwa anakwenda kutazama madema yake, akaniambia twende. Tulipofika ukingoni akaniweka kwenye gogo la mchu, aina ya mkoko, akasema keti hapa, maji yakijaa nitakurudia. Akaondoka na ngalawa.

SALIM: Akakuacha?

MWANAIDI: Akaniacha. Mtandao hakuna, wa kusema naye hakuna. Mbele yangu tope tupu, lina vitundu vitundu. Nikakaa. Baada ya muda, sijui dakika kumi, kitundu kimoja kikatoa mkono. Mkono mwekundu, mkubwa kuliko mwenyewe. Unawajua wale kaa wadogo wa kiume, mkono mmoja mkubwa, mwingine kama sindano. Nikaitoa simu, kwa kule kutikisika tu wote wakazama. Nikangoja tena, simu nimeishika usoni, sitikisiki. Wakatoka mmoja mmoja, tope lote likajaa mikono inayopunga. Mjomba aliporudi alinikuta nimejaa tope mpaka kidevuni. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

SALIM: Subhanallah.

MWANAIDI: Sikusema nimepona. Nasema nililala usiku mmoja, nami nilikuwa na kiu ya usiku mmoja. Nilipomweleza mshauri wangu akanifahamisha kwamba akili yenye wasiwasi huwa iko kesho, inahesabu mambo ambayo hayajaja. Kaa hakuruhusu uwe kesho. Ukiwaza kesho mkono unatikisika, naye anaingia ndani.

SALIM: Dada, nina swali ambalo wazee wangeliuliza. Si bora ukakaa ukatazama tu, simu ukaiweka mfukoni? Simu hiyo hiyo ndiyo inayotuchosha.

MWANAIDI: Swali zuri, na lina utafiti wake. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel, mwaka 2014 alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya na wanafunzi wa chuo ndani ya jumba la makumbusho. Vitu vingine waliambiwa wavitazame tu, vingine wavipige picha. Kesho yake wakaulizwa. Vile walivyovipiga picha walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama.

SALIM: Basi umejifunga mwenyewe.

MWANAIDI: Ngoja, haijesha. Walipoambiwa waivute kamera karibu, wapige sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Tena waliikumbuka hata ile sehemu ambayo haikuingia kwenye picha. Unaona? Ukipiga na kupita, umeiachia simu ikukumbukie. Ukisogea, ukachagua jicho, ukachagua ukucha, unatazama wewe. Kwa hiyo mimi siku hizi sipigi mandhari. Bahari nzima, machweo, siyo kwamba ni vibaya, ila mimi hayanishiki. Nipe jani moja la mchu lina chumvi juu.

SALIM: Mimi kila tukizungumza picha na moyo nakumbuka Owen na Mzee. Wasikilizaji wachanga huenda hawajui. Desemba 2004, ile tsunami ya Bahari ya Hindi, mtoto wa kiboko, ndiye Owen, alikwama baharini huku Malindi, hana mama. Watu wa pale walimkamata kwa nyavu, akaletwa Haller Park hapa Bamburi. Akamwendea kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, Shelisheli, ndiye Mzee, na mzee hasa, akalala ubavuni mwake. Mwandishi wa habari Peter Greste akapiga picha, zikaenda dunia nzima. Watu walikuwa wamechoka kuona maiti kwenye habari, ikaja picha ya kiboko kaegemea gamba la kobe.

MWANAIDI: Na pale penyewe Haller Park, Salim, wajua palikuwa shimo la kuchimba mawe ya simiti. Mwaka 1971 ndipo walipoanza kupanda miti kwenye jiwe tupu. Mvinje ukakubali, ila majani yake yalikuwa hayaozi, hayawi udongo. Rene Haller, bwana aliyeongoza kazi hiyo, akaleta majongoo, wale wakubwa wenye miguu mekundu, wakayala majani wakatoa udongo. Mimi mtu akiniambia yuko Mombasa hana pa kupiga picha, humwambia nenda kainame chini ya mvinje, umtafute jongoo. Msitu mzima ule una deni kwake.

SALIM: Sasa mtu ana simu ya kawaida, hana mjomba mvuvi. Aanzie wapi?

MWANAIDI: Aanzie na mwezi. Picha za pwani ni mambo ya maji. Watu hukosea, huenda maji yakiwa yamekupwa, wakawafukuza ndege tope zima mpaka wamechoka, wao na ndege. Fanya kinyume. Nenda maji yakijaa, ukae chini ukingoni, utulie. Maji yakipanda yanawasukuma ndege kuja kwako wenyewe. Huku kwetu siku nne tano baada ya mwezi mpevu, maji hukamilika kujaa asubuhi, kama saa moja hivi au saa mbili. Mwanga wenyewe ndio huo mzuri, ukichelewa mpaka saa tatu jua limekuwa kali, yangeyange anatoka mweupe hana hata unyoya.

SALIM: Na simu kuna cha kugusa?

MWANAIDI: Viwili. Kidole kwenye jicho la ndege, ukibonyeze mpaka kishike, halafu shusha mwanga kidogo. Na magoti chini, uwe sawa naye. Hayo mengine ni subira.

SALIM: Ulikwenda Mida juzi.

MWANAIDI: Mida nilikwenda wakati wa kaskazi, na sijakaa nikaisahau. Pale Watamu, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna njia ya mbao inayoning'inia katikati ya mikoko, mwisho wake kibanda cha kutazamia ndege. Pesa ya kiingilio husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya kandokando. Nilikaa kibandani na mzee mmoja mwongozaji, hatukusema kitu. Maji yakaja, na kundi la ndege weupe wa mgongo mweusi, mdomo mnene, wale wanaokula kaa. Kumbe hao huzalia pwani za Uarabuni na Somalia, wanachimba vishimo mchangani wanataga ndani, halafu wanashuka na msimu kuja kwetu. Njia ile ile ya majahazi. Nililia, sikuoni haya kukwambia.

SALIM: Kwa nini ulilia?

MWANAIDI: Babu yetu mkuu alikuja kwa pepo hizo. Na mimi wakati ule nilikuwa najiona sina pa kusimama. Ndege kasafiri bahari nzima, kashuka kwenye tope la Mida anakula.

SALIM: ...Tupumue kidogo. Kuna msikilizaji aliandika, dada, anasema alikuwa anapiga picha ndege akafurahi, akaanza kuzitia mtandaoni, sasa asipopata mioyo anaumia kuliko mwanzo.

MWANAIDI: Mwambie mimi nilifika huko. Nilijikuta niko mikokoni nawaza maneno ya kuandika chini ya picha, kaa mbele yangu simwoni. Nikaacha miezi sita. Sasa picha zangu nachapisha dukani, moja kwa mwezi, naibandika ukutani jikoni. Mama anaiona, jirani anaiona, basi. Na jambo jingine, tafadhali, tusirushe mawe ili ndege waruke tupate picha. Kitwitwi ametoka kaskazini ya mbali, akila hapa anakusanya mafuta ya kurudia Aprili. Kila ukimrusha unampunguzia njia.

SALIM: Na usalama? Dada zetu watakwenda peke yao alfajiri na simu mkononi?

MWANAIDI: La. Wasiende peke yao. Mimi huenda na binamu yangu, na wavuvi wa pale wananijua, nawasalimu kwanza nikawaeleza nataka nini. Ukiwa huna wa kwenda naye, una uani kwako. Uingereza walichunguza watu karibu 20,000, wakaona wanaopata dakika 120 kwa wiki nje penye miti au maji husema wana afya na moyo mzuri zaidi, na ilikuwa mamoja, kwa mkupuo au kidogo kidogo. Ua la mpapai likitoka, chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, atakuja. Dakika kumi na tano asubuhi, chai mkononi.

SALIM: Mimi nina mpapai uani na sijawahi kumwona chozi.

MWANAIDI: Hujakaa. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo, maji yatajaa saa moja na nusu. Tukutane gatini saa kumi na moja na nusu, baada ya sala.

SALIM: Nije na nini?

MWANAIDI: Simu iliyojaa chaji, mkeka wa kukalia, na kanzu usivae nyeupe, watakuona kutoka ng'ambo. Nami nitamwambia mjomba tuko wawili.