Punje Nyeupe za Makunduchi: Tiba, Plastiki na Bahari

Mhadhara uliotolewa Makunduchi, Kusini Unguja, mbele ya walimu wa skuli, wahudumu wa afya na wavuvi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu na vijana mliojaa huku nyuma, nashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Nimeombwa nizungumzie utafiti mpya wa sayansi katika tiba, katika maada na katika mazingira, na barua ya mwaliko iliyataja mambo hayo matatu kama vile ni vyumba vitatu, kila kimoja na mlango wake. Ningependa jioni hii tuvibomoe viambaza vya vyumba hivyo, kwa sababu hapa Makunduchi vilishabomolewa zamani, ndani ya mashimo ya vyoo, na baadhi yenu mlikuwepo.

Mezani pana gilasi ya maji, na juu ya maji limetanda tabaka la punje nyeupe, nyepesi, ndogo kama mtama. Ipitisheni gilasi kwa mkono, na anayetaka achovye kidole: punje zinakipisha kidole, na kikitoka tu zinarudi kuziba pale pale. Hii ni polistireni, plastiki ile ile inayoizunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Kiwandani hutoka ikiwa chembe ngumu kama sukari zenye gesi ndani yake, na chembe hizo zikitiwa katika maji yanayochemka hufura mara nyingi zaidi ya ukubwa wake wa mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti, akiwemo Christopher Curtis wa London pamoja na wenzake wa hapa Zanzibar, walizimwaga punje hizi katika vyoo vya shimo na makaro yote ya mji huu yaliyokuwa na maji, na wakati huo huo wananchi wakapewa dawa ya kuua vijidudu vya matende katika damu.

Sababu yake ni rahisi kuieleza, ingawa aliyeifikiri mwanzo alihitaji akili kubwa. Mbu anayetuletea matende hapa kwetu, kwa jina la kitaalamu Culex, hupenda kuzaa katika maji machafu yaliyotuama. Viluwiluwi vyake huishi chini ya maji lakini huvuta pumzi juu, kwa mrija mdogo ulio mkiani. Likiwepo tabaka la punje, mrija haupati njia, na mbu jike naye anapokuja kutaga haoni maji ya kutagia. Hakuna sumu hapo, kwa hiyo hakuna usugu unaoweza kujengeka dhidi yake. Mbu anaweza kuzoea dawa, lakini hawezi kuzoea kukosa hewa. Kabla ya kazi hiyo, karibu watu 49 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vijidudu vya matende katika damu, na baada ya miaka mitano walibaki 3. Sehemu nyingine ya kisiwa iliyopewa dawa peke yake, bila punje, iliona nafuu mwanzoni, kisha ugonjwa ukaanza kurudi, kwa kuwa mbu walikuwa bado wapo na kazi yao waliendelea nayo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na tende la mguu wa kushoto. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa au kumi, kumwosha mguu ule ilikuwa kazi yangu ya kila jioni: maji ya uvuguvugu, sabuni, kisha kukausha baina ya vidole kwa kipande cha kanga, taratibu, maana ngozi ilikuwa imekunjamana na kila mkunjo ukiachwa na unyevu ulifanya kidonda. Alikuwa mtu wa heshima na hakupenda kuonekana na wageni akiwa amenyoosha mguu. Sijapata kuona tiba yoyote iliyoweza kuurudisha mguu wa namna ile ulivyokuwa. Ndiyo maana nikisoma kwamba watu 49 walikuwa 3, siioni hesabu tu. Naona watoto ambao hawakulazimika kuifanya kazi ile.

Sasa nigeukie kitu cha pili kilichopo mezani. Ni kipande cha chandarua kikuukuu, nilichokiokota pwani asubuhi ya leo maji yalipokupwa. Kilikuwa kimejisokota katika majani ya bahari, na ndani yake mlikuwa na vidagaa vitatu vilivyokauka, kila kimoja hakifiki urefu wa ukucha wangu. Chandarua hiki nacho ni dawa iliyovaa plastiki. Vyandarua vyetu husokotwa kwa nyuzi za poliesta, ambayo ndiyo plastiki ya chupa za maji ya kunywa, au kwa nyuzi za polithini, ambayo ndiyo plastiki ya mifuko ambayo Zanzibar iliipiga marufuku tangu mwaka 2006. Katika vile vya polithini, kama vile vilivyokuwa vikitengenezwa Arusha kwa miaka mingi, dawa ya kuua mbu huchanganywa na plastiki ikiwa imeyeyuka, ikabaki imefungwa ndani ya uzi, kisha ikawa inapenya polepole kuja juu kila ile ya nje inapofutika kwa kufuliwa. Kipimo kinachokubalika ni kwamba chandarua kiendelee kufanya kazi baada ya kufuliwa mara 20, na kidumu miaka mitatu. Mtu akiutazama uzi huo kwa darubini haoni ajabu yoyote, lakini mimi nahesabu kuwa ni miongoni mwa kazi nzuri sana za sayansi ya maada katika zama zetu, na watoto walionusurika na malaria kwa sababu yake barani Afrika ni wengi mno.

Hata hivyo mbu naye hakukaa kimya. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi katika vyandarua ni ya jamii moja tu, pairethroidi, na mbu wa malaria katika sehemu nyingi za Afrika wamejijengea vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, vinavyoivunja dawa hiyo kabla haijawadhuru. Hapa ndipo penye utafiti ambao ningependa vijana wetu waujue kwa undani, kwa sababu ulifanywa na Watanzania pamoja na wenzao wa nje, katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, ukiongozwa na Dkt. Jacklin Mosha, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022. Walilinganisha aina tatu za vyandarua vipya na vile vya zamani. Baada ya miaka miwili, miongoni mwa watoto wa maeneo yaliyopewa vyandarua vya zamani, asilimia 45.8 walikutwa na vimelea vya malaria, na katika maeneo yaliyopewa vyandarua vilivyoongezwa dawa iitwayo klorofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo vitumike pale mbu walipokuwa sugu.

Nawaomba mnivumilie nieleze namna dawa hiyo inavyofanya kazi, maana sijakutana na mfano mwingine uliopangika vizuri kama huu. Klorofenapiri ikiingia katika mwili wa mbu haina nguvu kubwa mpaka ibadilishwe, na vinavyoibadilisha kuwa sumu ni vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vya ukoo ule ule wa vile vinavyovunja pairethroidi. Sumu hiyo ikishatengenezwa huzuia seli zisiweze kuzalisha nguvu, na mbu hulegea na kufa. Kwa maneno mengine, silaha ambayo mbu aliinoa ili ajikinge ndiyo inayomrudia. Watafiti hawakuongeza ukali wa sumu. Walisoma kwanza namna adui anavyojilinda, kisha wakapitia mlango huo huo.

Lakini nikirudi katika kipande hiki cha pwani, nalazimika kusema jambo ambalo halikuwa katika hesabu ya Misungwi, wala halikuwa katika hesabu ya punje za vyoo. Tulihesabu vimelea katika damu, tukahesabu mbu, tukahesabu vyandarua vilivyotolewa kupitia kwa masheha na vituo vya afya, lakini ni nadra sana kuhesabu vilivyorudi. Chandarua kikichanika hufanywa uzio wa kuku, hufunikiwa miche, na hufanywa nyavu ya kutandia dagaa. Simlaumu hata kidogo mama anayetandia chandarua; nyavu halali ni ghali na chandarua kikuukuu hakina bei. Ila matundu yake ni madogo kiasi cha kukamata watoto wa samaki ambao wangekuwa chewa na changu wa mwaka ujao, na pairethroidi iliyobaki katika nyuzi, ambayo kwa binadamu ina madhara madogo tu, ni sumu kali kwa samaki na kamba. Vipande vinavyobaki majini jua na mawimbi huvisaga, vikawa chembe zisizoonekana kwa macho, na plastiki ikiwa chembe haijaisha, imegawanyika tu.

Na chembe hizo sasa zinatafutwa na madaktari. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walichunguza damu ya watu 22, wakakuta plastiki katika damu ya watu 17. Mwaka 2024 wenzao wa Italia walifuatilia wagonjwa 257 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kusafisha mshipa mkubwa wa shingo, na katika mafuta yaliyotolewa mshipani walikuta polithini kwa wagonjwa 150. Katika muda wa karibu miaka mitatu, wale waliokuwa na plastiki walikumbwa na mshituko wa moyo, kiharusi au kifo kwa kiwango cha takriban mara nne na nusu ya wenzao. Nawasihi msiondoke hapa mkasema kwamba plastiki imethibitishwa kuua. Utafiti huo unaonyesha mambo mawili yakienda pamoja, na haujaonyesha kwamba moja ndilo linaloleta jingine. Inawezekana waliokuwa na plastiki nyingi waliishi maisha tofauti kwa njia nyingine pia. Vilevile upimaji wa chembe hizi ni mgumu, kwa kuwa maabara zenyewe zimejaa plastiki. Kwa maoni yangu ushahidi huo unatosha kutufanya tuchukue tahadhari, na hautoshi kumtisha mtu aache kulala ndani ya chandarua. Malaria inaua kwa uhakika, na kwa hilo hatuhitaji utafiti mwingine.

Upande wa maada, habari njema zipo. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza bakteria waliyemgundua katika eneo la kuchakatia chupa mjini Sakai, anayeweza kula plastiki ya poliesta, na mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa wakaeleza kimeng'enya kilichoboreshwa ambacho huivunja plastiki hiyo kwa kiwango cha asilimia 90 ndani ya saa 10, ikiwa katika joto la nyuzi 72. Chandarua cha poliesta na chupa ni ndugu wa damu, kwa hiyo mimi sioni sababu kwa nini chandarua kisifikiriwe katika utafiti huo. Mwaka 2024 Takuzo Aida na wenzake wa taasisi ya RIKEN, Japani, walieleza plastiki ngumu iliyounganishwa kwa namna ambayo chumvi ya bahari hufungua viungo vyake, ikayeyuka majini kwa muda wa saa kadhaa tu. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kisha nikafikiri kimpwani: chandarua chetu kinafuliwa, kinalowa jasho, kinaanikwa katika upepo wenye chumvi. Tunataka kitu kinachodumu chumbani na kisichodumu baharini, na katika visiwa hivi baina ya chumba na bahari pengine pana hatua mia moja. Swali hilo ni gumu kwa mkemia yeyote, na sisi ndio tunaolijua vizuri zaidi kwa kuwa tunaishi ndani yake.

Mama zetu wa Jambiani, wa Paje na wa hapa hapa wanafukia makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani kwa miezi, wakayawekea mawe juu yasichukuliwe na maji, kisha wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Kinachotokea chini ya mchanga ni kazi ya bakteria, wanaokula ile gundi laini baina ya nyuzi na kuacha uzi wenyewe, ambao ni mgumu kwao. Yule bakteria wa Sakai anafanya kazi ya jamii hiyo hiyo, ila katika plastiki. Na kamba ya makumbi ina sifa ambayo maabara kubwa zinaihangaikia: inavumilia maji ya chumvi, inatumika mpaka ichoke, kisha inaoza. Sisemi tutengeneze vyandarua vya makumbi. Nasema anayejua ni miezi mingapi makumbi yakae, katika mchanga wa aina gani, na kwa nini yaliyofukiwa mbali na maji hayafai, ana elimu ya maada ambayo mtafiti angepaswa kuja kuiuliza.

Ombi langu kwa wahudumu wa afya waliopo hapa ni dogo. Daftari la kugawia vyandarua lina safu ya vilivyotoka. Iongezwe safu ya pili, ya vikuukuu vilivyokwisha kazi na vilikoishia: uziyoni, shambani, pwani, au jaani. Visikusanywe bado, kwa sababu maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba vya zamani vichukuliwe pale tu vipya vinapokuwa vimefika na pakiwepo njia salama ya kuviangamiza, na mtu asiachwe bila chandarua hata usiku mmoja. Viandikwe tu. Walimu wa sayansi wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutembea pwani wakati wa bamvua na kuhesabu vipande watakavyoviona, mara moja kila mwezi, pale pale kila mara, na mwaka ukiisha tutakuwa na kitu cha kuwaonyesha wanaotengeneza vyandarua.

Gilasi naona imefika kwa wazee wa mbele, na mzee wangu wa pembeni anatikisa kichwa. Bila shaka anazikumbuka punje hizi. Nitafurahi tukianza maswali na yeye, atueleze choo cha kwao kilikuwa na punje kwa muda gani, na siku kilipojaa na kufukiwa, zilikwenda wapi.