Kipindi cha 61: Lifti ya Saba

ZUHURA: Khamis, leo hatuanzi na salamu. Tunaanza na simu yako ya Jumanne usiku.

KHAMIS: Samahani, dada yangu. Najua ulikuwa umelala.

ZUHURA: Nilikuwa nimelala, mtoto amelala, hata yule jogoo wa jirani amelala. Napokea, nasikia: "Zuhura, mjomba anataka elfu thelathini."

KHAMIS: Mchango wa harusi. Na hakuwa ameniomba kitu tangu nipande meli. Huu ni mwezi wangu wa nane melini, hajawahi. Jumanne alipiga mara tatu.

ZUHURA: Kwa sababu ya picha.

KHAMIS: Kwa sababu ya picha. Tutafika huko.

ZUHURA: Haya. Wasikilizaji, ndugu yenu ni dobi kwenye meli ya abiria. Siku ya Jumanne meli yao ilifunga gati Monaco, kule Ulaya, akapata ruhusa ya kushuka. Mimi nimekaa na karatasi yangu hapa, tulikubaliana tutatoa mambo matano ya kumfaa mtu mwenye saa chache tu bandarini. Najua kina nani wanatusikiliza, nusu yenu mko melini au mna mtu melini. La kwanza...

KHAMIS: La kwanza ni viatu. Lakini niache kwanza niseme nilivyoshuka. Wiki tatu sikuwa nimekanyaga ardhi. Kila bandari jina langu liko kwenye orodha ya wanaobaki, maana meli haiachwi tupu hata ikifungwa gati, lazima wabaki watu wa kutosha kukabili moto au maji yakiingia. Jumanne naangalia orodha, simo. Saa tano asubuhi hadi saa tisa. Nikatoka dobi nikiwa na alama za taulo mikononi, nikaoga, nikavaa lile shati jeupe.

ZUHURA: La Eid?

KHAMIS: La Eid. Mlango wa meli unafunguka, jua linanipiga usoni, na bahari rangi yake, Zuhura, kama kikoi kipya. Sasa pale tulipofunga gati si gati la kawaida. Ule ukuta wa kuzuia mawimbi unaelea. Mita 352 za zege, zinaelea! Waliuunda Algeciras, Hispania, ukavutwa na tagi hadi Monaco mwaka 2002. Na upande wa nchi kavu umeshikwa na tufe moja la chuma, kubwa, kama bega linavyokaa kwenye tundu lake, ili bahari ikiinuka ukuta nao uinuke bila kupasuka.

ZUHURA: Si kama daraja letu la kuelea la Liwatoni, hapa Mombasa, tu?

KHAMIS: Liwatoni waliunga vipande. Lile ni pande moja. Nilisimama hapo nikasema, mtu alikaa chini akapiga hesabu ya hili.

ZUHURA: Sawa. Viatu.

KHAMIS: Viatu vyepesi, kwa sababu mji wenyewe umesimama wima. Nchi nzima ni kama kilomita mraba mbili, imebanwa kati ya mlima na maji. Nyumba juu ya nyumba. Nikajiambia hapa miguu itakwisha. Halafu nikaona watu wanaingia kwenye mwamba.

ZUHURA: Wanaingia vipi kwenye mwamba?

KHAMIS: Lifti! Wametoboa jabali, wakaweka lifti za umma. Iko barabarani, kama kituo cha matatu. Hulipi. Hakuna askari wa kukuuliza unaenda kwa nani. Unaingia, unabonyeza, unatokea mtaa wa juu.

ZUHURA: Bure?

KHAMIS: Bure. Hebu fikiria umeshuka feri upande wa kisiwani, ule mlima unaoujua wewe, na mama ana mchicha kichwani na mtoto mgongoni. Badala ya kupanda huku anahema, anabonyeza kitufe.

ZUHURA: Usinifanye nilie. Ule mlima nimeupanda na mimba ya miezi minane.

KHAMIS: Ndiyo nasema. Nilipotoka ile ya kwanza nikarudi ndani nikashuka tena, nihakikishe.

ZUHURA: Kwa hiyo hizo ni mbili.

KHAMIS: Mbili. Na ya tatu ilinipandisha upande wa kasino. Nilivuka bandari kwa chombo chao kidogo cha umeme, feri yao hiyo, haina kelele hata kidogo, halafu lifti.

ZUHURA: Uko na saa nne duniani na unahesabu lifti.

KHAMIS: Ndani ya lifti ndimo nilimokutana na watu wa Monaco, Zuhura. Nje wote ni wageni kama mimi. Lifti ya nne aliingia bibi mmoja, mtu mzima sana, anavuta kikapu cha magurudumu, majani ya vitunguu yamechomoza juu. Akasema bonjour. Lifti nzima ikaitikia, bonjour. Akaingia mwanafunzi, bonjour, tukaitikia. Fundi na ndoo ya rangi, bonjour. Nikasema kumbe, hawa wana salamu! Miezi minane kwenye korido za meli napishana na watu elfu mbili, wananipita kama mlango. Pale nimesimama na yule bibi bega kwa bega, kanisalimia akiniangalia machoni.

ZUHURA: Hiyo nimeipenda. Hiyo hata ingekuwa namba moja kwenye karatasi yangu. Salamu kwanza.

KHAMIS: Iandike.

ZUHURA: Naandika. Namba mbili ni chakula, nataka kusikia ulikula nini, maana najua euro zako unazibana.

KHAMIS: Pale chini kuna soko, mtaa wa Condamine. Nikala kitu kinaitwa barbajuan. Sambusa hiyo. Ndani mboga za majani na jibini, imekaangwa, ya moto. Nikala tatu nimesimama.

ZUHURA: Sambusa ya jibini?

KHAMIS: Bi mkubwa angekuwepo angesema haijatiwa pilipili. Lakini ukoko wake, mashallah. Haya, kutoka sokoni nikaingia lifti ya tano...

ZUHURA: Khamis!

KHAMIS: ...maana nilikuwa naelekea mtaa wa Fontvieille. Wasikilizaji, hii ndiyo sababu ya siku yote. Nilikuwa nimeapa kwamba nikipata Monaco, kasino nitaipita, jumba la mwanamfalme nitaliona kwa mbali, lakini uwanja wa riadha wa Stade Louis II lazima nikaguse ukuta wake.

ZUHURA: Waeleze wasiojua.

KHAMIS: Nani asiyejua? Tarehe 21 Julai, 2023. Faith Kipyegon, maili moja, dakika 4 sekunde 7 nukta 64. Rekodi ya dunia ya wanawake iliyokuwepo ilikuwa 4:12.33, ya Sifan Hassan wa Uholanzi, aliiweka hapohapo Monaco mwaka 2019. Dada yetu kaikata karibu sekunde tano. Kwenye maili! Watu huwa wanakata vipande vya sekunde.

ZUHURA: Na ilikuwa rekodi yake ya tatu.

KHAMIS: Ya tatu ndani ya wiki saba. Mita 1500 Florence, mita 5000 Paris, halafu maili. Nakumbuka alipomaliza, wale aliowashinda walimzunguka wakamkumbatia. Hapo ndipo nilipolia, si kwenye saa. Na si yeye pekee. Beatrice Chepkoech, 2018, uwanja huohuo, mita 3000 za kuruka viunzi na maji, 8:44.32, akaivunja rekodi kwa sekunde zaidi ya nane. Joshua Cheptegei wa Uganda, Agosti 2020, mita 5000, 12:35.36, akaondoa ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia iliyokaa miaka kumi na sita.

ZUHURA: Kwa nini pale hasa?

KHAMIS: Wanakimbia usiku, joto limetulia, wakimbiaji wote wakubwa wako kwenye mstari mmoja na wa kuwavuta kasi wapo. Lakini sikiliza uwanja wenyewe ulivyo. Mtaa wa Fontvieille ulikuwa bahari, wakaujaza. Juu ya kifusi wakajenga maegesho ya magari, ghorofa juu ya ghorofa. Uwanja uko juu ya magari.

ZUHURA: Kwa hiyo Faith alikimbia juu ya paa, juu ya magari, juu ya bahari.

KHAMIS: Wallahi. Na ukisimama nje huwezi kujua ni uwanja. Unaona matao makubwa tu, kama jengo la ofisi. Nilipita mbele yake mara ya kwanza bila kujua. Nikarudi. Lango limefungwa, hakuna mtu. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto, jua la saa saba. Nikakaa kwenye kivuli cha tao dakika ishirini. Sikufanya kitu kingine.

ZUHURA: Sasa hapo ndipo mimi nakuja na swali langu, na nimelibeba tangu Jumanne. Una picha ya hapo?

KHAMIS: Ninayo.

ZUHURA: Na picha uliyomtumia mama?

KHAMIS: Ile ya mbele ya kasino.

ZUHURA: Shati jeupe, mkono kiunoni, nyuma yako Ferrari nyekundu.

KHAMIS: Bando ilikuwa imebaki ya picha moja. Melini intaneti tunanunua, unajua bei yake. Mama alikuwa amesema mwanangu nitumie kitu kizuri nikione. Nikatuma kitu kizuri.

ZUHURA: Ulituma gari la mtu.

KHAMIS: Sikusema ni langu.

ZUHURA: Picha haisemi, ndiyo ubaya wake. Mjomba ameona gari, ameona mnara wa kasino, amepiga hesabu. Wewe unamlaumu kwa elfu thelathini, mimi namwelewa.

KHAMIS: Kwa hiyo ningemtumia nini, taulo? Nikunje taulo mia nne, nizipige picha, nimtumie mama yangu mwenye presha?

ZUHURA: Ungemtumia uwanja.

KHAMIS: Mama hajui uwanja.

ZUHURA: Ungemwambia! Sauti ya sekunde kumi, "Mama, hapa ndipo Faith alipokimbia." Angeelewa. Khamis, nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema hapa. Kaka yangu alikuwa Maskati, Oman. Miaka sita alitutumia picha za barabara ya pwani ya Matrah, jioni, taa zimewaka, yeye kavaa vizuri. Na sisi hapa tulimwomba. Mabati, karo, jeneza la babu. Tulimwomba kwa moyo mweupe kwa sababu tulimwona yuko vizuri. Alipokuja ndipo akatuambia walilala watu kumi chumba kimoja. Mama yangu mpaka leo hajajisamehe. Anasema, "Nilimkamua mwanangu na hakuniambia anaumia."

KHAMIS: Pole. Hilo sikulijua.

ZUHURA: Sasa unalijua.

KHAMIS: Lakini bado, dada yangu, sikubali. Nisikilize nami. Kaka yako hakudanganya. Jioni ile ya Matrah ilikuwa yake. Taa zile aliziona kwa macho yake. Ukisema asitume, unamwambia hana haki ya kuwa na siku nzuri mpaka maisha yote yawe mazuri. Mimi siku yangu nzuri ni saa nne kwa wiki tatu. Jumanne nilikuwa na furaha. Uso ule kwenye picha ni wangu.

ZUHURA: Furaha yako sina ugomvi nayo. Ninachosema, anayebaki nyumbani anakata shauri kwa kile unachomwonyesha. Anakopa kwa kile. Anaahidi watu kwa kile.

KHAMIS: Basi tatizo ni anayekopa.

ZUHURA: Mama yangu si tatizo.

KHAMIS: Sikumaanisha mama yako.

ZUHURA: Najua hukumaanisha. Lakini ndiye anayekuwepo upande wa pili wa picha. Yeye na mama yako.

KHAMIS: ...

ZUHURA: ...

KHAMIS: Siwezi kumtumia mama huzuni yangu, Zuhura. Siwezi. Ana moyo mmoja.

ZUHURA: Na mimi siwezi kukwambia ulifanya vizuri.

KHAMIS: Sawa.

ZUHURA: Sawa. Elfu thelathini ulitoa?

KHAMIS: Nilitoa kumi.

ZUHURA: Ah, Khamis.

KHAMIS: Harusi ni ya Mwanajuma, ulitaka nifanyeje? Alinibeba mgongoni.

ZUHURA: Basi hapo nimenyamaza. Hiyo kengele ni yenu?

KHAMIS: Ni yetu. Dakika sita niwe kwenye mashine, leo kuna shuka za ghorofa mbili.

ZUHURA: Na karatasi yangu? Nina mambo matano hapa. Tumefika viatu na chakula, na salamu ambayo haikuwemo. Kuna la saa ya kurudi, la kubeba maji yako mwenyewe, la...

KHAMIS: La saa ya kurudi niseme haraka. Nilirudi mbio kutoka Fontvieille, lifti ya sita imejaa, nikasubiri...

ZUHURA: Hizo lifti!

KHAMIS: ...ya saba ndiyo iliyoniokoa, nimeingia melini saa tisa kasoro dakika nane. Na nani alikuwa ndani ya hiyo ya saba? Yule bibi. Kikapu sasa kimejaa. Kanitambua! Bonjour tena, kama jirani.

ZUHURA: Muongo.

KHAMIS: Wallahi la adhim. Nchi ndogo ile, wapi atapotea?

ZUHURA: Haya nenda, usikatwe mshahara. Lakini kabla hujafunga simu, nitumie ile ya uwanja.

KHAMIS: Bando...

ZUHURA: Nitakununulia mimi bando. Tuma. Jioni napita kwa mama yako, nitamwonyesha mwenyewe, nimweleze ni wapi.

KHAMIS: Utamwambia nini?

ZUHURA: Nitamwambia ukuta ulikuwa wa moto.

KHAMIS: Natuma. Imeanza kwenda. Inazunguka... inazunguka...

ZUHURA: Naiona. Imefika nusu. Naona tao moja na kiganja...