Kufundisha uandishi wa kitaaluma: tuanzie kwenye dai

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiambiwa "andika kitaaluma", aghalabu hukimbilia kurundika nomino. Huandika: "Utekelezaji wa uboreshaji wa ufundishaji wa uandishi ulileta ongezeko la ufaulu wa wanafunzi." Mtendaji hayumo. Mwambie atafute vitenzi vilivyojificha ndani ya nomino hizo avirudishe: "Walimu walipoboresha ufundishaji wa uandishi, wanafunzi wengi zaidi walifaulu." Urasmi umebaki, na sasa msomaji anaweza kuuliza: walimu wa wapi? Wengi kuliko lini? Kuyakaribisha maswali hayo ndiyo kazi ya mtaaluma.

Ndiyo maana nashauri tuanze na madai, msamiati ufuate. Kipindi cha dakika 40 kinatosha aya moja ya maneno kama 120, aliyoiandika mwanafunzi mwenyewe. Kwanza apigie mstari maneno yasiyoacha nafasi ya pingamizi: wote, kila, kabisa, daima. "Vijana wote wameacha kusoma" ishushwe hadi pale ushahidi unapofika, tuseme: "Kati ya wanafunzi 20 waliohojiwa, 14 walisema hawajasoma riwaya yoyote mwaka huu." Kisha, pembeni mwa kila dai, aandike limetoka wapi: data yake, chanzo alichosoma, au hisia tu. La hisia alitafutie ushahidi au alifute.

Vitenzi vya kurejelea wengine navyo vina uzito tofauti. "Anaeleza" hakiegemei upande. "Anadai" huashiria kwamba anayemrejelea mwenzake bado ana shaka, na "anathibitisha" humfunga akubali. Aliyeandika "anathibitisha" kisha akapinga hoja hiyohiyo aya inayofuata amejikanganya, na mara nyingi hajui.

Katika rasimu ya kwanza, sahihisheni madai na ushahidi peke yake. Mkijaza wino mwekundu kwenye tahajia, mwanafunzi atarekebisha herufi na kuiacha hoja dhaifu ilivyo, maana herufi ni rahisi. Tahajia ingoje rasimu ya pili.

Tahadhari pia na makatazo. Tukimkataza "nili-" bila maelezo, atakimbilia "ilionekana kwamba", nasi hatutajua nani aliona. Katika utafiti wa uwandani, "niliwahoji wakulima" ni wazi kuliko "mahojiano yalifanywa". Idara isiyoruhusu nafsi ya kwanza impe "mtafiti aliwahoji wakulima".